Alisimulia shida yake vizuri mno, akaletewa mashine

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Domitila Ligoha amekaa kwenye turubai nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, ungo mapajani. Anachota mchele, anarusha, anadaka. Anarusha, anadaka. Pumba zinaondoka na upepo, mchele unarudi ungoni, na chenga zinajikusanya pembeni kana kwamba zimeitwa majina.

Wenzake tisa wako kwenye turubai hilohilo, kila mmoja na ungo wake na gunia la mteja wake. Kwa vumbi la hapa, wote wana nyusi nyeupe. Mgeni akifika anaweza kuwaamkia wote shikamoo, hata Eveline mwenye miaka ishirini na minane.

"Bibi harusi ameamka?" anauliza Eveline bila kuinua kichwa.

"Amelala bado," anajibu Bibi Paulina, mkubwa wao wote. "Anamsubiri fundi atoke Dar aje kumfunua."

Wanacheka. Bibi harusi ni mashine mpya ya kugredi mchele. Imefika wiki tatu zilizopita, imewekwa chumba cha pembeni, imefungwa nailoni ya bluu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Leo ni Alhamisi. Jumatatu inaanza kazi. Itapepeta, itachekecha, itatoa mawe na kutenganisha mchele na chenga, na kwa saa moja itamaliza kazi ambayo wanawake hawa kumi wanaifanya kutwa.

Domitila peke yake hacheki.

"Huyo bibi harusi nimemleta mimi," anasema, huku ungo ukiendelea kwenda. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

Ili kuelewa msiba wa turubai hili, inabidi kwanza kuelewa malipo yake. Mkulima analeta mpunga mashineni, anamlipa mwenye mashine pesa ya kukoboa. Mchele ukitoka unakuwa umechanganyika na pumba, chuya na vipande vilivyokatika, ndizo chenga. Hapo anaingia mwanamke mwenye ungo. Anaupepeta, anauchekecha, anamrudishia mkulima mchele mweupe. Hapewi hata shilingi. Anabaki na chenga.

Ndivyo ilivyo hapa tangu Bibi Paulina alipokuwa msichana, na hakuna aliyewahi kuandika popote. Chenga ni za mpepetaji. Siku nzuri ya msimu, kati ya Mei na Agosti, mwanamke anaondoka na debe zima. Siku mbaya ni sado moja, na mafua.

Debe hilo ndilo lililomlea Domitila, ndilo lililomfanya awe mtu wa kualikwa kwenye semina. Na kuanzia Jumatatu halipo.

Domitila, 49, ni mzaliwa wa upande wa Mahenge, aliolewa Lupiro, ng'ambo ya mto. Mumewe, Beatus, aliondoka mwaka 2009 kwenda Chunya kutafuta dhahabu.

"Alipiga simu mara mbili," anasema. "Mara ya tatu nikapiga mimi. Akapokea kijana, akaniambia mama, simu hii nimeinunua na laini yake ndani. Nikamuuliza umeinunua kwa nani? Akasema hata simjui. Nikamwambia basi, asante, ukimwona mwambie watoto wazima."

Mwaka uliofuata mto ukapanda, ukalala ndani ya shamba lake la ekari mbili kwa wiki tatu. Ulipoondoka hapakuwa na kitu cha kuvuna, hata ndege walishahama. Domitila akamfunga mtoto mdogo mgongoni, mkubwa, Brigita, akamkalisha kwenye keria ya baiskeli, akaja Ifakara kwa mtu wa ukoo ambaye alimpokea kwa siku nne. Siku ya tano alimwambia chumba kinahitajika.

Siku ya sita alikuwa hapa mashineni. Bibi Paulina anaikumbuka vizuri.

"Alikuwa hajui kupepeta kwa kazi," anasema kikongwe huyo akionyesha kwa mkono. "Anajua kupepeta wa kula nyumbani. Huku ni gunia, siyo kisahani! Akirusha, pumba zinabaki, mchele unakwenda. Kuku wa jirani walikuwa wanamsubiri yeye tu. Akifika, wanajipanga."

"Bibi, miezi miwili tu hiyo," Domitila anajitetea.

"Miezi sita! Wale kuku walinenepa mpaka mwenyewe akaja kushukuru."

Turubai zima linacheka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii Domitila naye anacheka.

Alipozoea ungo ndipo akaanza kutazama wengine wanafanya nini na chenga zao. Wengi walipika uji, wengine waliziuza palepale kwa bei ya kutupa. Lakini mjini kulikuwa na akina mama wa vitumbua wanaonunua mchele mzima, wanauloweka, wanautwanga mpaka uwe unga. Mwaka 2016 Domitila alikwenda kwa mmoja wao na mfuko wa chenga zilizosagwa, akamwambia ajaribu bure.

"Akaniambia kesho nisije tena na mfuko, nije na ndoo."

Akawakusanya wenzake tisa. Kila mmoja akawa analeta chenga zake, zinaoshwa, zinaanikwa, zinasagwa, zinafungwa kwenye mifuko ya kilo moja na mbili. Wakauita Unga wa Kumi, kwa sababu walikuwa kumi na hawakuwa na muda wa kufikiria jina lingine. Baada ya miaka mitatu unga huo ulikuwa unapanda treni kwenda Mlimba. Katika miezi ya mavuno walisaga chenga gunia ishirini kwa mwezi, na kila mwanamke aliondoka na kama laki moja na themanini.

Kwa Ifakara hizo si pesa za kujengea ghorofa. Lakini Bibi Paulina aliezeka bati. Eveline aliacha kukaa kwa shemeji. Na Brigita, yule wa kwenye keria ya baiskeli, leo yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi.

Hapo ndipo alipotokea Ildefonce.

Ildefonce ni afisa wa mradi mmoja wa kuwainua wanawake, kijana mpole mwenye pikipiki na begi la kompyuta ambalo halivui hata akikaa. Alifika mashineni miaka minne iliyopita akitafuta, kwa maneno yake, "mama mwenye historia". Akaelekezwa kwa Domitila.

"Akanikalisha, akaniuliza maisha yangu," anasema Domitila. "Nikamwambia nilianza na unga. Akasema hapana mama, unga uweke mwisho. Anza na mume, halafu mafuriko, halafu mikono. Unga uje mwishoni, watu wakiwa wameshalia."

Domitila alikuwa na kipaji. Semina ya kwanza alisimulia dakika kumi, ukumbi ukalia. Ya pili wakamwongezea dakika. Mpaka leo asubuhi amesimama mbele ya watu mara kumi na tatu, kutoka Mang'ula mpaka Morogoro mjini, kama mwanamke aliyejengwa na changamoto. Malipo ni nauli, chupa ya maji na wali kuku.

"Wali wenyewe tumepepeta sisi," anasema. "Mara moja nilikuta jiwe, nikanyamaza. Nilijua ni la Sada."

"La kwako hilo!" anajibu Sada kutoka upande wa pili wa turubai.

Semina ya kumi na tatu, Agosti mwaka jana, ilikuwa kubwa kuliko zote. Walikuwepo wageni wenye pesa za mradi. Domitila aliombwa aje na ungo wake. Akaeleza habari za mume na mafuriko, kisha akakaa chini kwenye zulia la hoteli, akapepeta mbele yao. Akaonyesha viganja. Akaeleza kuhusu kifua na vumbi. Akakohoa.

"Nilikohoa zaidi kidogo ya ilivyohitajika," anakiri, akiangalia pembeni. "Kikohozi ninacho kweli, lakini siku ile nilikiongezea chumvi. Kulikuwa na mama mmoja mgeni mbele pale, machozi yanamtoka. Nikaona kumbe inawaingia. Nikakohoa tena."

Mgeni yule alimuuliza, kupitia kwa Ildefonce, kitu gani kinawaumiza kuliko vyote. Domitila akajibu bila kufikiri mara mbili.

"Nikasema kupepeta. Na ni kweli! Mgongo unauma, macho yanauma, kifua kinauma. Mtu akikuuliza kinachokuuma, si unamwambia?"

Miezi kumi baadaye lori likashusha bibi harusi. Mradi ulikuwa umemwongezea mwenye mashine nusu ya gharama, kwa lengo la kuwapunguzia akina mama kazi ngumu. Kwenye mlango wa chumba wakabandika bango. Lina picha ya Domitila, ungo mkononi, mdomo wazi, kifua amekishika. Chini yake imeandikwa: Tumewatua mama zetu mzigo.

"Nimekaa kama mtu anayekata roho," anasema Domitila akilitazama. "Na mzigo walioutua ndiyo chakula chetu."

Saa tatu asubuhi mwenye mashine anafika. Mudathiri ni mfanyabiashara wa miaka sitini na kitu, ambaye baba yake alikuja kutoka pwani kuuza vitambaa akaishia kununua mpunga. Domitila anaweka ungo chini, anajifuta nyusi, anamfuata ofisini. Ana neno la kumwambia, amekaa nalo wiki tatu.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, mama Brigita. Mtoto anaendeleaje na chuo?"

"Anaendelea, tunashukuru. Bosi, mimi nimekuja kwa habari ya chenga."

Mudathiri anavua kofia, anaiweka juu ya mzani. "Nilijua tu."

"Mashine ifanye kazi yake, sisi hatuikatai. Sisi tuachie chenga. Tutazoa wenyewe, tutafagia na chumba."

"Mama Brigita, nikuambie ukweli?" Anakaa. "Wanunuzi wa Dar hawataki tena mchele wa ungo. Wanataka uliogrediwa. Msimu uliopita nimepoteza wateja wakubwa watatu, wamekwenda mashine ya kule barabarani kwa sababu wao wanayo. Nisingeleta hii, mwakani ningefunga. Na nikifunga, nyie mtapepeta nini? Hewa?"

"Chenga, bosi."

"Chenga zimeshapata mtu. Wa chakula cha kuku. Anachukua zote, kwa mkataba wa mwaka. Mradi wenyewe ulisema lazima nionyeshe mnunuzi wa kila kinachotoka mle, la sivyo nisingepata." Anasugua paji la uso. "Wallahi sikuwafikiria vibaya. Kwenye zile karatasi wameandika nyie mnafurahi."

Nje sauti ya nyungo inaendelea.

"Yaani kuku," anasema Domitila.

"Kuku."

"Haya. Walianza na mimi hao."

Anarudi kwenye turubai na kuokota ungo wake. Bibi Paulina anamsogezea gunia lililobaki nusu, lakini muda wa kulimaliza haupo, maana saa nane mchana anatakiwa semina.

Semina ya kumi na nne iko kwenye ukumbi wa parokia. Wamekuja wanawake arobaini na tatu, kutoka Namawala, Lupiro na vijiji vya jirani, wakulima wa mpunga wanaotaka kuanzisha vikundi. Ukutani kuna karatasi kubwa: Changamoto Humjenga Mjasiriamali. Kila mmoja amepewa daftari, kalamu na maandazi mawili. Ildefonce anamtambulisha Domitila kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Tumsifu Yesu Kristo," anaanza Domitila.

"Milele, amina."

"Asalaam aleikum kwa upande wa pili." Wanaitikia.

Anaanza kama siku zote. Anasimulia mume, na yule kijana aliyenunua simu. Wanawake wanaguna. Anasimulia mafuriko, na hapo wa Namawala wanaitikia kwa nguvu, maana mto haukuchagua shamba lake peke yake. Anafika kwenye mikono. Anavinyoosha viganja. Mstari wa mbele kuna ambao wameshaanza kushika pembe za khanga.

Halafu anavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine, anavishusha.

"Jamani, ngojeni. Hapa ndipo ninapokosea siku zote," anasema. "Hapa natakiwa niwaambie kwamba shida imenijenga. Nimelisema mara kumi na tatu. Mimi shida haijanijenga. Nimejengwa na debe la chenga. Siku lililopatikana nilijenga, siku lililokosekana sikujenga. Ni hivyo tu. Na kuanzia Jumatatu halipatikani tena."

Anawaeleza habari ya mashine, bango, na mkataba wa kuku. Haongezi chumvi.

Mwanamke mmoja wa Namawala, Omega, ananyoosha mkono wenye kalamu.

"Mama, samahani. Miaka yote hiyo, hakuna kitu shida imekufundisha?"

"Imenifundisha kuamka mapema. Hata jogoo anajua kuamka mapema, na hana kiwanja."

Wanacheka. Omega hacheki, anasubiri.

"Sasa sisi tufanye nini? Sisi tumekuja kusikia kwako."

"Sijui, mwanangu."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa. Ningejua ningekuwa nimefanya kabla sijaja huku."

Wengine wanaanza kufunga madaftari. Ildefonce anasimama haraka, anachukua kipaza sauti.

"Naam! Mnaona wenyewe," anasema, "jinsi changamoto zinavyoendelea kumjenga."

Kicheko kinacholipuka hapo kinatikisa madirisha. Mama mmoja wa Lupiro anapiga meza, mwingine amelala begani kwa mwenzake. Ildefonce anasimama na kipaza sauti chake, hajui aungane nao ama afanye nini. Domitila anamhurumia. Anampigia makofi yeye, na ukumbi unafuata.

Baadaye wanakaa wawili kwenye ngazi za nje. Begi la kompyuta bado liko mgongoni.

"Mama Domitila, mimi niliandika ulichosema," anasema Ildefonce. "Sikuongeza hata nukta."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukugombeza."

"Tulidhani tunawasaidia."

"Mlisaidia mgongo." Anavunja andazi, anampa nusu. "Tumbo mlilisahau. Hivi wewe mkataba wako unaisha lini?"

"Desemba."

"Basi jifunze kupepeta. Aa, nimesahau. Hakuna tena."

Ildefonce anamaliza andazi lake. Ameahidi kuandika barua kuomba sehemu ya chenga irudishwe kwa kikundi. Anasema pia, kwa haki, kwamba barua ya namna hiyo hupita meza nne, na meza ya mwisho haiko Tanzania.

Saa kumi na moja jioni Domitila amerudi mashineni. Mudathiri amesimama karibu na turubai, kofia mkononi, na wanawake wote wameacha kupepeta. Neno ameshalitoa. Mashine inahitaji mtu mmoja wa kuilisha na kufunga magunia. Awe anasoma, kwa sababu kuna vitufe na namba. Mshahara laki moja na nusu kwa mwezi, msimu na nje ya msimu. Angependa awe mmoja wao, na amewaachia wachague.

Mmoja kati ya kumi. Sada alifika darasa la nne na maandishi yanamkimbia. Bibi Paulina hakwenda shule kabisa. Eveline anasoma, lakini ana mtoto wa miezi mitano mgongoni, na chumba kile hakina dirisha. Kila mtu anatazama ungo wake.

"Mimi siwezi," anasema Domitila. "Mimi ndiye niliyewaingiza humu, halafu niingie mimi mle ndani? Chukueni mwingine."

"Usituletee utakatifu saa hizi," anasema Bibi Paulina. "Sikukuu ya watakatifu wote ni Novemba. Ukikataa wewe, atatafuta mtu wa nje. Halafu mle ndani hatuna hata wa kumwamkia. Wewe una mtoto chuoni. Ingia."

"Bibi, na wewe?"

"Mimi nina bati. Nitakaa chini yake nilisifie."

Hakuna anayecheka. Sada anaanza kukung'uta turubai ingawa kazi haijaisha.

Domitila anamgeukia Mudathiri.

"Bosi, nikubali kwa sharti moja. Pesa sitaki. Nilipe chenga."

"Chenga si nimekuambia zina mkataba?"

"Wa kuku anachukua zote zinazotoka. Zangu zitakuwa mshahara, hazijatoka. Ni kama umenilipa nikanunua kwako."

Mudathiri anatazama juu akipiga hesabu. Gunia la chenga sasa hivi ni elfu sabini na tano.

"Magunia mawili kwa mwezi," anasema. "Hayazidi. Na wa kuku asijue."

"Kuku hawasemi."

Anatikisa kichwa, anavaa kofia. Wamekubaliana.

Magunia mawili. Yatasagwa unga wa wote, lakini mwezi kama huu mwaka jana yalikuwa ishirini, na yaligawanywa kwa watu haohao kumi. Bibi Paulina ndiye wa kwanza kulisema.

"Hiyo si biashara, mwanangu. Hiyo ni kuonja."

Na kuonja hakumtoshi kila mtu. Kabla jua halijazama, kumi wamekuwa saba. Sada amesema atakwenda Namawala kufanya kibarua cha kuvuna, wiki mbili zilizobaki, halafu ataona. Wenzake wawili wanaondoka naye. Wameagana kwa mikono, kama watu wasiojuana sana, kila mmoja ameshika ungo wake kwapani.

Domitila anajua hesabu haijakaa sawa. Kwa kuchukua chenga badala ya pesa, ada ya Brigita ya muhula ujao haina pa kutokea, na bado hajampigia simu kumwambia. Anasema atampigia Jumapili, maana Jumapili mtoto anakuwa ametoka kanisani na moyo wake umelainika.

Anachokitaka kwa sasa ni unga usikatike dukani. Wateja wa vitumbua wakikaa mwezi mzima bila Unga wa Kumi, watazoea mwingine, na hapo hata chenga zikirudi hakutakuwa na wa kumuuzia. Magunia mawili yatatosha kuweka mifuko michache kila kibanda, ionekane ipo.

Na ana mpango mmoja. Lupiro bado kuna mashine ndogo nne ambazo hazijui kugredi, na wanawake wa kule wanapepeta kwa ungo na kulipwa chenga vilevile. Kila Jumapili baada ya misa atapanda bodaboda kuvuka daraja, akazinunue kwao kidogokidogo kadiri mkono utakavyofika. Anawajua. Aliwahi kuishi nao.

"Ila nimeshajiapiza kitu kimoja," anasema, akifunga khanga kiunoni na kuokota ungo wake kwa gunia lililobaki nusu. "Nikiwa kule, akitokea mtu yeyote na daftari, akituuliza kazi hii ikoje, mimi ndiye nitakayejibu. Nitamwambia ni raha tupu. Nitamwambia mgongo hauumi, vumbi halipo, tunafanya mazoezi tu. Na kikohozi nitakimeza mpaka atakapoondoka."